Kambi ya Mkondo Mkavu

Kazi yangu ni kuchagua mahali pa watu kulala. Ofisi moja ya utalii ya mjini Almaty huleta wageni kuona korongo la Charyn, na mimi, kwa kuwa nimeolewa huku na njia zake nazijua, ndiye ninayewatafutia pa kupiga hema. Watu wanadhani ni kazi ya kutazama mandhari. Kutazama mandhari hata mbuzi anaweza. Mimi natazama chini. Natazama mchanga umelala vipi, jiwe gani limeanguka hivi karibuni, upepo wa mchana unatokea upande gani, na mtu akitoka hemani gizani kwenda kujisaidia ana hatua ngapi kabla ya kufika ukingoni. Hayo ya jua kuzama kwenye miamba myekundu watajipigia picha wenyewe.

Nasema haya ili ujue kwamba siku ile nilijua. Sitaki mtu aje kunipoza moyo eti maskini, ungejuaje. Nilijua tangu saa tano asubuhi.

Tulikuwa wanne garini. Alikuwepo Bekarys wa ofisini, mwanamume wa miaka thelathini na kitu, kamera shingoni na mdomo usio na breki. Alikuwepo baba mkwe wangu, ambaye nyumbani sote tunamwita Ata, yaani babu, amekaa mbele na kofia yake nyeupe ya sufu. Na Inzhu, binti yangu wa miaka saba, alikuwa amepakatwa na Ata. Nasema binti yangu, lakini kwetu mtoto wa kwanza ni wa babu na bibi. Alipoacha kunyonya tu akahamia kwao. Analala kwao, anakula sahani moja na Ata, na mimi ananiita Kamshat, kama anavyowaita dada wa jirani. Nikimwambia njoo, humtazama Ata usoni kwanza. Nilishazoea, au niseme nilijifunza kutosema kwamba sijazoea.

Mume wangu alikuwa malishoni juu na kondoo. Ofisi ilitaka mahali papya pa kambi ya kiangazi, tulale usiku mmoja tupapime, na Bekarys ndiye aliyeomba Ata aje. Wageni wanampenda mzee wa mahali, alisema, mzee aliyezaliwa palepale. Ata alivaa koti lake la sikukuu.

Kwanza niliwapeleka kwenye kibaraza. Ndivyo ninavyokiita mimi: ni mwamba mpana uliojitokeza ubavuni mwa korongo, juu kabisa ya mto, na ukikaa pale unaiona miamba yote ile iliyosimama kama minara mpaka macho yanachoka. Gari linafika hadi mgongoni mwake. Ukingo uko mbali na pa kulala. Nilikuwa nimekitafuta wiki mbili na nilijivuna nacho. Bekarys alishuka garini akanyamaza, na kwa Bekarys hiyo ni sifa kubwa.

Ata alizunguka polepole, mikono mgongoni. Akasimama, akachokora ardhi kwa ncha ya buti. Chini ya mchanga mkatokea majivu, na vipande vya mifupa ya kondoo.

"Nani alikaa hapa?"

"Sijui, Ata. Wachungaji labda. Ni ya zamani."

"Ndiyo hivyo. Ni ya zamani na si yetu. Hatulali juu ya majivu ya watu."

Nami nimelelewa hivyohivyo, sijifanyi mjanja. Majivu ya nyumba ya watu hukanyagi, na pale walipohama hupigi hema lako, maana hujui waliacha nini nyuma yao, ugonjwa au msiba. Ningeyaona mwenyewe mapema huenda ningepita mbali. Lakini siku ile nilikuwa nimeshapatazama mahali pengine pote, na nilijua hakuna pa kwenda.

"Tusogee kidogo, Ata," nikasema. "Upande ule hauna kitu."

"Majivu hupeperuka, mkwe. Utajuaje yameishia wapi?"

Bekarys akafurahi, akaandika maneno hayo kwenye simu yake. Ata akanyoosha kidevu kuonyesha chini. "Baba yangu alikuwa akisimamisha nyumba yetu pale kila mwezi wa tano. Twendeni niwaonyeshe mahali pa kulala."

Pale aliposema ni mkondo mkavu, bonde jembamba linaloshuka kutoka vilimani na kuingia mtoni, chini kabisa ya kibaraza. Kuta mbili nyekundu, mchanga laini, mti mmoja mkubwa wa kivuli, na upepo haufiki. Mdomo wa bonde unafungukia mtoni, miamba inaonekana imewekewa fremu. Hata mimi nilisema moyoni, pazuri. Kisha nikatazama chini kama nilivyozoea, halafu nikatazama juu.

Kwenye panda ya ule mti, juu kuliko kichwa changu, palikuwa na nyasi kavu na vijiti vimesukwa pamoja na tope. Si kiota. Hakuna ndege anayejenga hivyo. Kwenye mchanga palikuwa na jiwe la ukubwa wa kondoo, na juu yake hapakuwa na mahali lingeweza kuanguka kutoka. Lililetwa.

"Ata," nikasema, "maji yamepita hapa."

"Yalipita. Mwaka ule huyu hajazaliwa." Akamgusa Inzhu kichwani.

"Hizi nyasi za mtini si za miaka saba."

Lilinitoka tu. Bekarys akashusha kamera. Ata hakukasirika, alinitazama kama unavyomtazama mtoto aliyemwaga maziwa mbele ya mgeni.

"Mkwe, mimi nilizaliwa hapa. Wewe ulizaliwa wapi?"

"Taldykorgan, Ata."

"Mjini."

"Mjini, Ata."

"Haya basi."

Inzhu akacheka kwa kuwa babu yake amecheka. Nikafunga mdomo, nikaenda kuteremsha mahema. Mzee wa watu hakuwa mjinga. Alizijua mvua za ujana wake, na vilima vya ujana wake vilikuwa na misitu ya kuyashika maji. Siku hizi vimebaki vipara, tone likianguka kule juu halina pa kukaa. Yeye hakupanda huko miaka mingi kwa sababu ya magoti.

Tulikula chini ya mti. Nilimimina chai ya maziwa, nikapanga maandazi na nyama iliyokaushwa. Kila nilipoinua birika niliitazama ile panda ya mti. Bekarys akanisogelea.

"Dada Kamshat, mzee anaitwa nani? Niandike chini ya picha."

"Muulize mwenyewe."

"Si wewe uko karibu?"

"Bekarys, muulize mwenyewe."

Akanikodolea macho, halafu akaelewa, akaanza kucheka. "Kumbe wewe ni wa kina bibi yangu. Alikufa hajalitaja jina la mkwewe. Siku moja karani wa sensa alimuuliza, akadhani bibi ni bubu."

"Cheka tu. Wewe huna wakwe."

Siku hizi wengi wameacha. Nyumbani kwetu hatujaacha. Wiki ya kwanza ya ndoa, mama mkwe wangu, ambaye tunamwita Apa, alinikalisha jikoni akaniambia bila kupandisha sauti: "Jina la mzee wa nyumba hii halipiti mdomoni mwako, wala langu. Siku likipita, rudi kwenu na mdomo wako." Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Miaka kumi na miwili imepita na bado nikisikia viatu vyake kizingitini naacha ninachofanya, nasimama. Hajawahi kunipiga. Hajawahi hata kunitukana.

"Sikiliza," nikamnong'oneza Bekarys. "Hapa hatuwezi kulala. Ikinyesha milimani, maji yote yanapita hapa tulipokaa."

Akatazama juu. Anga lilikuwa safi, bluu tupu.

"Dada, kwa anga hili? Ukiniambia kuna tembo nitaamini kwanza."

"Mwambie mzee ofisi inataka kibarazani. Sema bosi ameagiza."

"Nimwambie mzee hapajui alipozaliwa? Mwambie wewe, ni mkweo."

"Ndiyo maana nakuambia wewe."

Akacheka tena, akaniambia nina maneno. Sikuwa na maneno. Nilikuwa na hofu, na ilikuwa inapanda.

Saa tisa nilitoka hadi mdomoni mwa bonde, mahali ambapo kuta hazizibi, nikatazama upande wa milima. Wingu lilikuwa limekalia vilele, jeusi chini, na kutoka chini yake vimeshuka vile vitambaa vya kijivu ambavyo kila mchungaji anavijua. Huko kulikuwa kunanyesha. Kwetu jua linawaka mpaka mchanga unachoma.

Nilirudi nikamkuta Ata anajifunga mkanda. Nikamwambia nataka kupanda kibarazani, huko mtandao unapatikana, nipige simu. Bekarys akasema anakuja, mwanga umeanza kuwa mzuri. Nikamgeukia Inzhu.

"Twende wote, utaona tai."

Akamtazama Ata usoni.

"Sisi tunatafuta kuni," Ata akasema. "Si ndiyo, jicho langu?"

"Ndiyo, Ata."

"Ata," nikasema, na sauti yangu ilikuwa nyembamba, "mlimani kumefunga wingu."

"Nimeliona. Hilo haliji huku."

Nilipanda ule mteremko karibu nikimbie, Bekarys akihema nyuma na kuniuliza kuna nini. Nilikuwa na mtu mmoja tu duniani anayeweza kumwambia Ata ondoka pale naye akaondoka. Nilipofika juu, simu ikashika mtandao kwa shida. Nikampigia Apa.

"Nakusikia," akasema. "Mtoto amekula?"

"Amekula, Apa. Ata amepiga hema kwenye mkondo, pale chini. Milimani kunanyesha. Naomba uniruhusu nimwambie kwamba wewe umesema wahamie juu."

"Nimesema lini?"

"Bado, Apa. Ndiyo nakuomba useme."

Nilisikia saa ya ukutani ya jikoni kwetu.

"Kwa hiyo umeanza kumfundisha mkweo pa kulala," akasema. "Mbele ya mgeni."

"Apa, mtoto yuko naye."

"Mtoto yuko na babu yake. Mzee amezaliwa pale, Kamshat. Pika chakula chako, acha maneno."

Akakata. Nilibaki nimeshika simu sikioni kama mwehu. Ningeweza kudanganya. Ningeshuka niseme Apa amesema, hamia juu, na angehama akinung'unika. Kila siku ya Mungu nalifikiria hilo. Lakini Apa angekuja kujua, na nikasimama pale nikipima, nikipima, na hapo ndipo upepo ulipokata.

Ulikata mara moja. Nywele zilizokuwa zinanipiga usoni zikatulia. Kisha kware wakatoka kwenye kona ya juu ya mkondo, kundi zima, wakiruka chini chini bila sauti. Nyuma yao ikaja ngurumo, kama malori yaliyojaa mawe yanapita barabara mbovu, lakini hayapiti, yanazidi tu.

"Ndege ya abiria?" Bekarys akauliza.

"Si ndege."

Kutoka kibarazani unauona mkondo wote na kona zake. Niliona maji kwenye kona ya tatu. Nasema maji, lakini hayakuwa na rangi ya maji wala hayakutembea kama maji. Yalikuwa uji mzito wa kahawia, urefu wa mtu, na mbele yake yanasukuma miti na vichaka na kitu cheupe ambacho baadaye tuliambiwa ni friji la watu. Na chini yangu, kona mbili kabla ya hapo, Ata alikuwa anatembea kuelekea kule kule, mgongo kwangu, fundo la kuni begani. Masikio yake yamekuwa mazito. Inzhu alisikia. Nilimwona anainua uso kutazama angani, anatafuta ndege.

"Ata!"

Akainua mkono bila kugeuka. Alinisikia. Mkwe akiita Ata, maana yake ni moja tu, chai iko tayari. Alikuwa ananiambia ndiyo, tunakuja.

"Ata! Pandeni juu!"

Korongo lile linakurudishia sauti yako imekatwa mkia. Yeye alisikia Ata, basi. Akainua mkono tena, akainama kuokota kijiti.

"Inzhu! Kimbia!"

Mtoto akageuka. Akanipungia mikono yote miwili, akicheka, amefurahi kuniona niko juu vile. Akamvuta Ata koti amwonyeshe, na Ata akamshika tu mkono wakaendelea kutembea.

"Ata!"

Mara hiyo ya tatu koo lilichanika, nikaonja damu. Hakuinua hata mkono. Nilikuwa namchosha. Maji yalikuwa yamefika kona ya pili, na ulimi wangu ulikuwa na jina lake juu yake kama kaa la moto na meno yangu yamelifungia.

"Toksanbay."

Mara ya kwanza lilitoka kwa kunong'ona.

"Toksanbay! Geuka!"

Alisimama palepale. Fundo la kuni likaanguka. Akageuka mwili mzima, polepole, na hata kwa umbali ule niliuona uso wake. Hajawahi kunitazama vile. Nadhani kama ningekuwa karibu, siku hiyo angenipiga. Nikanyoosha mikono yote miwili kuonyesha nyuma yake, nikawa naonyesha, naonyesha, na macho yake yakafuata mikono yangu.

Alikuwa na miaka sabini na mmoja na magoti mabovu. Alimnyakua Inzhu kwa kola akakimbia hadi ukuta wa upande wetu, na mimi nilikuwa nimeshaanza kushuka, nateleza kwa makalio, mawe yananichuna viganja, Bekarys nyuma yangu ananiita jina. Pale chini kuna ukingo mwembamba wa jiwe, juu kidogo ya kichwa cha mtu. Nikalala kifudifudi. Bekarys akanikalia miguu. Ata akamwinua mtoto juu kwa mikono miwili kama anavyofanya siku za sikukuu, na nikamshika kiganja, kisha mkono wa koti, kisha nywele, nikamvuta, nikamrusha nyuma yangu sijui wapi. Alikuwa anapiga kelele. Nilishukuru kwa zile kelele.

Nikashusha mikono tena. Maji ya mbele yalikuwa yamemfika magotini. Akaruka. Alinishika vidole viwili, hivi viwili vya kulia, na nilivikunja kwa nguvu zangu zote. Alinitazama. Hakukuwa na hasira tena, alikuwa ameogopa kama mimi. Akafungua mdomo kusema kitu, na mti mmoja uliosukumwa na maji ukaja, ukamchukua.

Mahema yetu hatukuyaona tena. Ule mti wa kivuli ulibaki umesimama, na nyasi mpya kwenye panda yake, juu zaidi ya zile za zamani. Siku ya tatu wanaume wa kijiji na waokoaji walimkuta Ata mtoni, kwenye kona ambako maji hutulia. Mume wangu alishuka kutoka malishoni, akamzika baba yake.

Matanga yalikuwa ya watu wengi. Nilipika, niliosha vyombo, nilimimina chai kwa mamia, na muda wote nilikuwa nangoja. Maana Inzhu alishasema. Siku ya kwanza tu, amekaa katikati ya wanawake na peremende shavuni, aliwaeleza: "Kamshat alimwita Ata jina. Alimwita kwa sauti kubwa." Wanawake wote wakamgeukia Apa. Apa aliendelea kuhesabu shanga za tasbihi yake, hakunitazama. Siku ya pili hakunitazama, wala ya tano. Usiku nilikuwa nazipanga nguo zangu kichwani, ipi nichukue, ipi niache, na mtoto hawezi kuwa wa kuchukua.

Siku ya nane asubuhi, wageni wa mwisho walipoondoka, nilisikia viatu vyake kizingitini. Nikasimama.

"Kaa," akasema. "Mimina chai."

Nikamimina. Inzhu alikuwa bado amelala chumba cha pili. Alikuwa amepungua uso, Apa, macho yamezama.

"Ulimwita," akasema.

"Nilimwita, Apa."

"Mara ya kwanza ulimwitaje?"

"Ata."

"Akafanya nini?"

"Akainua mkono. Alidhani chai iko tayari."

Akatikisa kichwa taratibu. Alimjua mumewe miaka hamsini, alikuwa anauona ule mkono.

"Mara ya pili?"

"Ata."

"Ya tatu?"

"Ata, Apa."

"Na ya nne ukamwita jina, akageuka, akampandisha mtoto."

"Ndiyo, Apa. Nisamehe."

"Nikusamehe nini? Nakuuliza kwa nini hukuanza nalo."

Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno yote isipokuwa hayo. Na siku nane nimekuwa nikiuhesabu mwenyewe ule muda niliopoteza. Mara tatu ni muda gani? Ni hatua arobaini za mzee mwenye kuni begani. Hatua arobaini na angepanda ukingo ule yeye mwenyewe, akinilaani.

"Niliogopa," nikasema.

"Nani asingeogopa? Maji yale."

"Si maji, Apa. Nilikuogopa wewe."

Sijui nguvu nilitoa wapi. Nikainamisha kichwa nikingoja. Hakuinuka. Aliweka kikombe chini, akakosa kisahani, akakiweka tena.

"Nilikuambia upike chakula, uache maneno," akasema mwishowe.

Nikainua birika nikamwongezea chai.

"Mimi naitwa Batima," akasema. "Niite."

"Apa..."

"Si hilo. Mtoto huyu analala kwangu, natembea naye kila mahali. Kesho nitakuwa mimi nimepitwa na akili, nimempeleka pasipofaa. Niite jina langu, nisikie kama unaweza."

Nikafungua mdomo. Jina lile nimelijua miaka kumi na miwili, ni fupi, hata Inzhu analiweza. Nikajaribu tena, machozi yakaanza kunitoka. Alikaa akiningoja, chai ikapoa mbele yetu wote wawili, na jina halikutoka.